Breaking Away (1979): vijana wanne, mji mdogo, na baba aliyekata mawe ya chuo. Uzi maalum

MwanaMwashi

Habari za jioni wakuu, poleni na mihangaiko ya kutwa.

Mi humu ni msomaji zaidi, kuandika ni mara moja moja, ila kuna muvi nimeiangalia juzi usiku na mpaka sasa haijanitoka, nimeona nisipoileta hapa ntabaki nayo peke yangu bure. Inaitwa Breaking Away, ya mwaka 1979. Najua wengi mkiona mwaka huo mnapita moja kwa moja, naomba msipite. Hamna bunduki, hamna jini, hamna mtu anauawa. Ni vijana wanne wa miaka kumi na tisa, shule walimaliza mwaka wa nyuma yake, kila siku wako pamoja na hawajui waelekee wapi. Mji wenyewe unaitwa Bloomington, jimbo la Indiana huko Marekani, na una vitu viwili vikubwa, chuo kikuu na machimbo ya mawe.

Hayo mawe ndo yamenishika. Maeneo yale wanachimba mawe ya chokaa, yale meupe meupe yanayoelekea kijivu, wanayakata vipande vikubwa kama kontena alafu yanaenda kujengea maghorofa ya heshima, hata lile jengo la Empire State la New York la mwaka 1931 kwa nje limevikwa mawe ya Indiana. Baba zao hawa vijana walikua wakata mawe. Sasa wanachuo wanaokuja pale kutoka mbali, watoto wenye magari yao na mabegi yao, wakiwaona vijana wa mji wanawaita "cutters", yani wakata mawe, na wanalisema kama tusi. Na hawa vijana wenyewe hawajawahi kukata jiwe hata moja! Kazi ilishapungua, machimbo mengi yamebaki mashimo yamejaa maji na wao wanaenda kuogelea humo. Unatukanwa kwa kazi ya baba yako ambayo we mwenyewe hukuikuta.

Wanne wenyewe ni hivi. Dave ndo mwenye baiskeli, huyu ana wazimu wa Waitaliano, chumba kizima picha za waendesha baiskeli wa Italia, anaimba opera akiwa anaoga, anaongea kwa lafudhi ya Kiitaliano mpaka baba yake anataka kupasuka, hata paka wa nyumbani kambadilisha jina anamwita Fellini. Mike alikua nyota wa timu ya shule kwenye ule mpira wao wa kushika kwa mikono (Dennis Quaid huyo, bado kijana mbichi kabisa). Cyril mrefu mrefu, alitegemea mpira wa kikapu ungempa ufadhili wa chuo haukumpa, na ilikua ndo muvi ya kwanza ya Daniel Stern. Wa nne Moocher, mfupi, wazazi wake wamehamia Chicago baba akitafuta kazi na nyumba imewekwa kibao cha kuuzwa, kijana anaishi humo peke yake. Alieiongoza ni Peter Yates, Mwingereza aliewahi kufanya muvi ya magari yanayokimbizana mwaka 1968, humu katulia kama sio yeye.

Sitaki kusimulia yote. Nataka niongelee sini moja.

Usiku Dave anatembea na baba yake mzee Ray (Paul Dooley) ndani ya eneo la chuo. Huyu mzee zamani alikua mkata mawe, sasa ana yadi anauza magari yaliyotumika na nusu nzima ya muvi mmekua mkimcheka kwa hasira zake. Wanapita kwenye majengo na taa zinawaka, mzee anaanza kumwambia kwamba haya mawe ya haya majengo nimeyakata mimi, nlikua kijana, nlikua na nguvu, nlikua najivunia kazi yangu. Alafu jengo likapanda, na lilipokamilika kukatokea kitu cha ajabu, likawa kama limekua zuri sana kiasi kwamba sisi tulioyakata hayo mawe hatuna hadhi ya kuliingia. Anaongea taratibu tu, hamna muziki wa kukuliza. Dave anamwambia chuo sitaki, najivunia kuwa mkata mawe. Mzee anamjibu we sio mkata mawe. Mkata mawe ni mimi. Anamuuliza unaogopa? Kijana anasema kidogo, na kuna hawa wenzangu pia. Na humohumo kwenye maongezi mzee anamuuliza kama bado wanaenda kuogelea kwenye machimbo, anajibiwa ndio, mzee anasema kwahiyo kitu pekee mlichokipata kwenye miaka yangu ishirini ya kazi ni yale mashimo.

Wakuu, nlisimamisha muvi hapo nikatoka nje.

Baba yangu ni fundi mwashi. Mji nliokulia ni mdogo na una chuo kikubwa, sitautaja, na hosteli za kile chuo kazijenga yeye na wenzake, alikua anaondoka saa kumi na moja alfajiri na mwiko na timazi kwenye kiroba anarudi magharibi nywele nyeupe kwa simenti. Mimi na rafiki zangu watatu baada ya fomu foo tulikaa karibia miaka miwili tunashinda kwenye mwarobaini ng'ambo ya geti la chuo, tunaziba pancha, tunauza vocha, tunawaangalia wanachuo wakiingia na kutoka. Hakuna aliewahi kutukataza kuingia na hakuna hata mmoja wetu aliewahi kuingia. Baadae mimi nlirudia mtihani nikapata, nikasoma palepale, na siku mzee kaja kunisalimia mwaka wa kwanza, kapitia kutoka saiti na nguo zake za kazi, mlinzi wa getini akamwambia mafundi hawaruhusiwi kupita huku. Nlimkuta amekaa kwenye jiwe pembeni ya barabara anasubiri. Aliniambia tu haina shida mwanangu, nlikua napumzika. Toka siku hiyo hakuja tena mpaka nikamaliza.

Sasa mtu kaandika hiyo sini Marekani mwaka 1979 na hamjui baba yangu. Mwandishi anaitwa Steve Tesich, alizaliwa Yugoslavia 1942, akaingia Marekani akiwa kijana wa kumi na nne hivi, akasoma chuo hichohicho cha Indiana. Alipata Oscar ya mswada kwa hii muvi. Ni mgeni kabisa, nadhani ndo maana aliliona geti ambalo wenyeji walishalizoea.

Aliewahi kuiona aje tuongee.

Kwanja la Zamani

Nipo mkuu. Heshima kwako na kwa mzee.

Hii muvi nliiona miaka mingi nyuma kwenye kanda, shangazi alikua analeta kanda kutoka kazini kwake. Nlikua nang'ang'ania sini moja tu, ile Dave yuko barabara kuu anafukuzia lori, kajificha nyuma yake upepo usimpige na dereva anamtolea vidole dirishani kumwonyesha spidi, vidole vinaongezeka tu, mpaka wanakaribia kilomita mia kwa saa na yuko kwenye baiskeli! Nyuma inapigwa ile simfoni ya Mendelssohn anayoiita ya Kiitaliano. Nlitoka pale nikachukua Phoenix ya babu nikaenda kuvizia lori la pamba. Namshukuru Mungu lile lori lilikua bovu.

Ila mi nakuongezea sini ambayo naona ndo inaishika muvi yote, ile ya timu ya Waitaliano. Mtoto wa watu kawasubiri miezi, kajifunza lugha yao, wanakuja kushindana Indianapolis anaingia nae, anawafikia, anawasalimia kwa Kiitaliano amejaa furaha usoni. Wao wanaona huyu nani anatufata, mmoja anachomeka pampu kwenye spoku za gurudumu lake anaruka mtaroni. Nlikua mdogo sikuelewa kwanini nalia kwa ajili ya mtu aliedondoka baiskeli. Anarudi nyumbani anabandua kila picha ukutani, Kiitaliano kimekwisha, anamkumbatia baba yake analia anamwambia kila mtu anadanganya. Na mzee Ray ambae muda wote alikua anaomba huo Uitaliano uishe, umeisha, na hana furaha.

Mama Watatu

Asante mwanangu MwanaMwashi, umeandika vizuri, mfikishie baba shikamoo yangu.

Mimi niseme habari ya yule mama, maana naona wanaume mkianza kuongelea baba na mtoto mama anabaki jikoni. Barbara Barrie ndo aliecheza na aliteuliwa kugombea Oscar kwa ile nafasi, na ukiangalia dakika alizoonekana ni chache. Kuna mahali yuko na Dave anamtolea pasipoti yake. Anamwambia anatembea nayo kwenye pochi kila siku. Hajawahi kusafiri popote. Kuna siku dukani akaombwa kitambulisho akatoa pasipoti, kaitoa kwa raha, basi hiyo ndo safari yake.

Nilisimama wima sebuleni. Mimi pasipoti yangu niliitoa 2011 kwenda kwa dada yangu, safari ikafa kwa sababu ambazo sio za kuandika hapa, na niliendelea kuiweka kwenye pochi pamoja na kadi ya kliniki za watoto mpaka ilipoisha muda wake. Sikuwahi kumwambia mtu. Sikujua kama kuna mwanamke mwingine duniani anafanya hivyo. Nae hamwambii mtoto nenda, hamwambii baki, anamwonyesha tu kile kijitabu alafu anaendelea na shughuli zake, na ni kama anamwambia chukua nafasi mwanangu ukiwa bado kijana. Huo ni ulezi, hausemwi kwa kelele.

Na anapenda mume wake vilevile, hilo nalo limenifurahisha. Mzee Ray ana makelele lakini akiwekewa muziki wa Kiitaliano na mishumaa mezani analegea, mpaka mwisho wa muvi mama ana ujauzito. Watu wa makamo wanaopendana kwenye sinema ni wachache.

nyuki_mweusi

Samahanini wakuu mi naomba nitofautiane kidogo, kwa heshima.

Muvi ni nzuri nakubali ila kuna kitu hakijanikaa. Dave anamtongoza yule binti wa chuo Katherine kwa kumdanganya yeye ni mwanafunzi aliyetoka Italia, anampeleka Cyril na gitaa usiku chini ya dirisha la bweni anaimba, binti anampenda mtu ambaye hayupo. Na kwa ajili ya hiyo nyimbo Cyril anapigwa na wanaume wa chuo, yani rafiki anakula kipigo cha uongo wa mwenzie. Alafu Dave akija kusema ukweli binti anamzaba kibao, anaondoka, baadae wanaonana wanaagana vizuri na imeisha. Sisi ambao tumewahi kudanganywa hivo tunajua haiishi hivo. Mi alinijia mtu akajiita muhasibu wa kampuni ya simu miezi saba, nlikua nimeshamtambulisha kwa mama. Kwahiyo kila mkisema Dave mtoto mzuri mimi namuona Katherine amesimama pale na uso wake.

MwanaMwashi

@nyuki_mweusi dada yangu pole sana, na wala hutofautiani na mimi. Nimerudia kuiangalia hiyo sehemu baada ya kusoma ulichoandika na kweli kamera inamwacha Katherine haraka mno, ilibidi ikae nae. Ambacho naona mwandishi amekifanya, na sisemi kinatosha, ni kumfanya Dave aonje dawa yake mwenyewe kwanza. Waitaliano wamemfanyia yeye uongo ndo akajua uongo unaumaje, akaenda kwa binti kusema. Hakukamatwa, alienda mwenyewe. Ila kipigo cha Cyril umenifungua macho, sikuwahi kukihesabu hivo, na Cyril kweli ndo mtu wa kubeba vya wenzie muvi nzima, anachekesha kila mahali kwasababu nyumbani kwao wameshamzoea kushindwa. Ile stori yake kwamba baba yake anapenda sana kuwa muelewa pale anaposhindwa, inachekwa ila ukae nayo usiku.

@Mama Watatu shikamoo mama. Ntamfikishia. Hapo kwenye pasipoti umeniacha sina neno.

Bodaboda Mstaarabu

Wakuu mi sijaiona ila nasoma uzi tangu jana kijiweni. Swali, hao washikaji wanne mwisho wanakuaje? Maana sisi tulikua sita hapa stendi na sasa hivi nimebaki mimi na mwenzangu mmoja, wengine Dar, mmoja Msumbiji, mmoja alitangulia mbele ya haki. Nataka nijue kabla sijaangalia maana kuna muvi zinakuacha na hali mbaya na mi nakua barabarani.

Kwanja la Zamani

@Bodaboda Mstaarabu angalia bila wasiwasi ndugu yangu, hamna anaekufa. Kila mmoja anaanza kusogea tu. Moocher ana binti wake Nancy wanaenda kufunga ndoa kwa siri wenzake hawajaambiwa, wameshikana mikono wana hofu. Siku nyingine anapata kazi sehemu ya kuosha magari, siku ya kwanza tu bosi anamwita mfupi we na anamkumbusha agonge kadi kwenye saa, anaenda anaipiga ile saa ngumi mpaka inavunjika anaondoka, na wenzake wote wanaondoka nae. Nacheka kila nikiikumbuka na nawapenda wale watoto.

Anaeniuma ni Mike. Kuna sini wamekaa wanaangalia timu ya chuo inafanya mazoezi. Mike anasema mimi nlikua na kipaji, na sasa kila mwaka atakuja kijana mpya kucheza namba yangu pale chuo, gazeti litamwandika, na kila mwaka hatakua mimi. Wao kila mwaka ni vijana vilevile, mimi nazeeka nawaangalia. Ukiishi mji wenye chuo hicho kitu unakijua. Wanafunzi hawazeeki. Kila Oktoba wanakuja wengine wana miaka kumi na tisa na we uliekua na miaka kumi na tisa pamoja na wa kwanza sasa una kipara.

MwanaMwashi

Oktoba! Mkuu umegusa palepale. Ilikua ndo msimu wetu wa biashara, wanakuja hawana ndoo, hawana pasi, hawana godoro, tunabeba mizigo kutoka stendi. Mwaka wa kwanza tuliwaita "hawa kaka". Mwaka wa pili mshikaji wangu mmoja akasema hawa madogo. Hakuna alieona siku ambayo lilibadilika.

Ughaibuni Kwetu

Wakuu salam. Uzi huu umenikuta mbali na nyumbani, na nimeona nichangie kwasababu nliishi Bloomington miaka miwili ya masomo. Na kwa taarifa yenu pale chuoni wanafundisha Kiswahili miaka mingi sana, nlishangaa wiki ya kwanza napita korido nasikia "hujambo" "sijambo" kutoka darasani, nikasimama mlangoni kama mtu amesikia anaitwa na mama yake.

Majengo ya chuo karibia yote ni yale mawe. Asubuhi yana rangi ya uji wa mtama uliopoa, jioni yanakua na dhahabu kidogo. Ukiyagusa ni laini, na kuna sehemu ukisogea karibu unaona vijidudu vya baharini vimegandia humo, magamba madogo madogo, maana zamani za kale kule kote kulikua chini ya bahari. Machimbo yenyewe yako upande wa kusini kuelekea mji wa Bedford. Lile shimo walipokua wanaruka kuogelea ni mali ya watu na hairuhusiwi kuingia, watu waliumia na kufa kwenye hayo machimbo kwa kuruka, tafadhali mtu asije akaiga.

Mbio za mwisho kwenye muvi ni za kweli, zinaitwa Little 500, zilianza 1951 kwa lengo la kuchangisha hela za kuwasaidia wanafunzi wanaosoma huku wanafanya kazi. Kila mwezi wa nne. Timu ni watu wanne, baiskeli zinafanana za gia moja, breki ni ya kukanyaga pedali kinyumenyume, mizunguko 200 jumla maili 50 yani kilomita 80 hivi, na mnapokezana baiskeli katikati ya mwendo, mmoja anaruka mwenzie anadaka. Wanawake walipata mbio zao 1988. Na kulikua na mtu wa kweli nyuma ya Dave, anaitwa Dave Blase, mwaka 1962 aliendesha mizunguko 139 peke yake kati ya 200, timu yao ikashinda, na yeye alikua ana huohuo ugonjwa wa Uitaliano. Tesich alikua kwenye timu hiyohiyo kama mchezaji wa akiba. Kwahiyo aliyaona kwa macho.

Rais wa chuo anaeonekana kwenye muvi akiwakemea wanafunzi kwa kuwadharau watu wa mji, yule sio muigizaji, ni rais wa chuo mwenyewe wa wakati ule, John Ryan. Na kitu kingine, wenyeji pale hawakua wanaitwa cutters, hilo neno lilitengenezwa kwa ajili ya muvi. Sasa hivi kuna timu ya Little 500 inayojiita Cutters na imeshinda mara nyingi tu. Neno la tusi la kutunga limekua jezi.

Mkuu MwanaMwashi, na mimi nikuombe kitu. Umeisimulia vizuri sana hiyo sini ya usiku. Je mzee ameiona?

Mama Watatu

Hata mimi nilitaka kuuliza hivyo hivyo, nikaona aibu.

MwanaMwashi

Hajaiona. Kiingereza kinamshinda, na hana mazoea ya kuangalia muvi, akimaliza taarifa ya habari analala. Na niseme ukweli, naogopa. Ile habari ya getini hatujawahi kuiongelea miaka yote hii. Nkimwekea atajua kwanini nimemwekea.

Kwanja la Zamani

Kaka, mwekee. We kaa pembeni yake mtafsirie kama wale jamaa wa vibanda umiza walivyokua wanatutafsiria.

Bodaboda Mstaarabu

Nimeiangalia wakuu, jana usiku, nimelipia bando la usiku. Zile mbio nimesimama juu ya kitanda. Pale Dave kaumia mguu amekaa pembeni na wale watatu ambao sio waendesha baiskeli inabidi waingie, kila mtu anamwangalia mwenzie, Mike mwenyewe alikua anasema hii sio shughuli yangu, na wote wakaingia wakakanyaga!! Moocher miguu mifupi anakanyaga!! Alafu Dave anawaambia nifungeni miguu kwa utepe kwenye pedali. Nlikua napiga kelele mke wangu akaja kuangalia kuna nini.

Nimempigia mshikaji wa Msumbiji asubuhi hii. Tulikua hatujaongea tangu msiba. Tumeongea dakika arobaini, kaniuliza kama ule mti wa stendi bado upo. Upo.

nyuki_mweusi

Nimefurahi kusikia hivo kaka Boda.

Na mi nimekubali kitu kimoja. Ile ya mwisho kabisa, Dave ameshaanza chuo, anakutana na binti Mfaransa anaeulizia ofisi, dakika mbili yuko na baiskeli anampita baba yake barabarani anamsalimia kwa Kifaransa, na uso wa mzee Ray ulivokua. Nlitaka nikasirike maana huyu kijana hajifunzi, nikashindwa. Nimecheka peke yangu.

MwanaMwashi

Mrejesho wakuu. Samahani nimekaa kimya wiki nzima, nlienda nyumbani.

Jumamosi baada ya chakula nikaweka laptop kwenye meza ya sebuleni, nikamwambia mzee kuna muvi ya mafundi wa mawe nataka uione. Neno mafundi ndo lilimkalisha. Mama akaja na ukili wake wa kusuka akakaa nyuma. Nikawa natafsiri, mwanzoni sentensi kwa sentensi, baadae nikaona hana haja, anawaelewa tu. Mzee Ray alivyokua anapiga kelele kuhusu vyakula vya Kiitaliano baba alikua anaitikia kwa kichwa, anaona yuko sahihi. Ile gari iliyorudishwa yadi na wale wanafunzi, mteja anataka hela yake, mzee Ray presha inapanda, mama alicheka mpaka akaacha kusuka.

Kwenye machimbo alinisimamisha. Akasema rudisha. Nikarudisha. Akaangalia ule ukuta wa jiwe uliokatwa wima, akasema hawa walikua na mkono, ona mstari ule, jiwe la namna ile ukikosea kidogo tu linapasuka linakwenda. Akaniuliza wanakatia nini, nikamwambia mashine na kabari. Akasema kabari, ndio.

Ikafika sini ya usiku. Nlitafsiri kila neno taratibu, sikumwangalia. Ilipoisha hakusema kitu, nikaiacha muvi iendelee mpaka mwisho. Mbio alizipenda. Ilipokatika akauliza yule kijana chuo alimaliza, nikamwambia muvi inaishia anaanza. Akasema atamaliza.

Mama akaingia ndani. Mi nikawa nakunja waya wa chaji, ndo akaniuliza, hivi we ulikaa bloku gani pale chuo? Nikamwambia bloku C, ghorofa ya pili, chumba cha mwisho upande wa mlimani. Akakaa kimya kidogo alafu akasema ile kona ya mlimani nimeinyanyua mimi. Kamba ilikua inakataa kwasababu ya upepo, msimamizi akasema pigeni hivyohivyo lipu itaficha, mimi nikakataa, nikabomoa kozi tatu za ukuta nikaanza upya, wakanikata nusu siku. Akaniuliza, chumba kilikua kinaingiza baridi?

Nikamwambia hapana baba. Miaka mitatu, hakikuwahi kuingiza baridi.